Oksijeni sensa ya gari la zamani: kipande cha waya, maltimita, kidude cha Bluetooth au mashine ya gereji?

Sensa ya kwanza niliibadilisha bure. Gari ni Corolla ya mwaka 1998, mtumba wa Japani kama mengi tunayoendesha. Taa ya cheki injini ilikuwa inawaka na mafuta yanakwenda utadhani tanki lina tundu. Fundi akafungua boneti, akachomeka kipande cha waya, akahesabu taa inavyokonyeza, akanyanyuka na jibu: "Bosi, kodi 21. Oksijeni sensa imekufa hii, kachukue nyingine." Nikaenda Ilala, nikapata ya mtumba, tukafunga, tukachomoa fyuzi kufuta kodi, yaani namba ya hitilafu, taa ikazima. Siku ya tatu ikarudi, kodi ileile. Jumapili nikatandika boksi na kulala mwenyewe chini ya gari. Waya wa sensa ulikuwa umechomoka kwenye kishikizo chake, umelalia bomba la ekzosi, ganda limeyeyuka na shaba inagusa chuma. Sensa ya zamani nilikuwa nimeshaitupa.

(Sensa ninayoizungumzia hapa si ile ya watu na makazi, ingawa nayo kazi yake ni kuhesabu kilichobaki ndani.)

Fundi hakunidanganya. Kodi 21 kwenye Toyota za miaka hiyo ni ya oksijeni sensa kweli. Lakini kodi inataja njia nzima: sensa yenyewe, hita yake, soketi, waya, hadi kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Ni kama jirani akuambie "kwenu hakuna umeme". Hajakwambia kama luku imeisha, fyuzi imekatika au nguzo imeanguka. Tulitumia kifaa kinachojua kutaja mtaa, tukataka kitutajie namba ya nyumba. Tangu siku hiyo nimepitia karibu vifaa vyote vinavyotumika kutafuta ugonjwa huu, na kila kimoja kina swali lake kinalolijibu vizuri na jingine kinalolikwepa.

Inanusa nini hasa

Oksijeni sensa imepandwa kwenye ekzosi na inapima oksijeni iliyobaki baada ya moto. Petroli huungua vizuri kwenye uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Kwenye sensa ya kawaida, ile ya zirkonia, mafuta yakizidi volti hupanda hadi karibu 0.9, na hewa ikizidi hushuka hadi karibu 0.1. Mpaka wa pande mbili uko kwenye 0.45. Kontroli boksi ikiona mafuta yamezidi inapunguza, ikiona hewa imezidi inaongeza, na hivyo sensa iliyo nzima haitulii: inapanda na kushuka muda wote injini ikiwa ya moto. Sensa iliyoganda kwenye namba moja ndiyo ya kutilia shaka, ingawa, kama tutakavyoona, mara nyingi imeganda kwa sababu inasema kweli.

Haifanyi kazi ikiwa baridi. Inahitaji nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi, ndiyo maana nyingi zina hita ndani. Ya waya moja haina hita, inategemea joto la ekzosi peke yake. Ya waya nne ina mbili za hita, moja ya ishara na moja ya ethi. Kwenye sensa za kampuni ya Denso, zilizofungwa kwenye Toyota nyingi, nyeusi mbili ni hita, bluu ni ishara na nyeupe ni ethi ya ishara. Kwenye za kampuni ya Bosch, nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni ishara na kijivu ni ethi. Ukichanganya rangi hizo utapeleka volti 12 za hita kwenye ishara, na hapo utakuwa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kabla ya kununua kifaa, jua gari linaongea lugha gani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Marekani ililazimisha magari yote mapya kutumia mfumo mmoja wa kusoma kodi, OBD2, kuanzia modeli za 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani haikuwa na haraka hiyo kwa magari ya soko lake la ndani, na sisi mitumba yetu inatoka soko hilohilo. Kwa hiyo utakuta Toyota ya 1999 au 2002 ina soketi ya matundu 16 chini ya usukani, sawasawa na ya Marekani kwa umbo, ukichomeka kidude cha kawaida simu inakuambia haijaunganishwa. Kidude ni kizima na gari ni zima, ila lugha ni mbili.

Magari ya katikati ya miaka ya 90 yana soketi nyingine kabisa, kiboksi cheusi au cha kijivu ndani ya boneti, kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukikiona hicho, anza nacho. Dukani uende baadaye.

Kipande cha waya: rahisi kuliko vyote, na watu hawakimalizi

Fungua kifuniko cha DIAGNOSIS, ndani yake kuna ramani ya matundu. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya cheki injini. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara moja, hiyo ni 21. Kodi 25 inasema hewa imezidi, 26 inasema mafuta yamezidi. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Kwenye Toyota nyingi zenye soketi ya matundu 16 kazi hiyohiyo hufanywa kwa kuunganisha tundu la 4 na la 13. Angalia usiguse la 16, hilo lina umeme wa betri moja kwa moja.

Mafundi wengi wakishahesabu kodi wanachomoa waya na kufunga boneti. Wanaacha kitu kitamu zaidi ndani ya kiboksi kilekile. Kuna tundu la VF1. Chukua mita ya mshale, ile ya zamani ambayo siku hizi watu huicheka, weka chanya kwenye VF1 na hasi kwenye E1. Pasha injini, ishikilie kwa dakika mbili kwenye mizunguko 2,500 ili sensa ipate moto, kisha unganisha TE1 na E1 huku mizunguko ikibaki palepale. Mshale utaanza kucheza. Hesabu kwa sekunde 10. Kipimo cha Toyota wenyewe ni mara 8 au zaidi. Mara ya kwanza nilipoifanya, mwanangu alishika saa na mimi nikahesabu: kumi na moja. Sensa ya mtumba niliyoinunua Ilala ilikuwa nzima kabisa, waya ulipokwisha tengenezwa.

Mshale usipocheza hujajua bado nani mkosaji, lakini ukicheza ipasavyo umeshajua nani si mkosaji, na kwa kifaa cha bei ya soda. Kasoro ya njia hii ni kwamba haikuonyeshi volti yenyewe ya sensa, na kodi inazokupa ni chache na za jumla. Gari la OBD2 halisi halina faida nayo.

Kidude cha Bluetooth: kizuri kwa gari linalokielewa

Hivi ni vile vya ELM327 vinavyouzwa kila kona, unachomeka, unafungua programu kwenye simu, unasoma. Kama gari lako lilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani, au ni mtumba wa Japani wa karibuni zaidi, utapata kodi zenye maelezo ya maana: P0135 ni saketi ya hita ya sensa ya mbele, P0133 ni sensa inayochelewa kujibu, P0134 ni sensa isiyoonyesha uhai, P0171 ni hewa imezidi. Tayari umeshapiga hatua. P0135 na P0171 ni magonjwa mawili yasiyo na undugu, lakini kwa lugha ya gereji yote mawili huitwa "oksijeni sensa".

Nina malalamiko mawili. Nakala nyingi za kuiga ELM327 zilizoandikwa toleo 2.1 zimepunguzwa uwezo, na kinachokatwa mara nyingi ni zile lugha za zamani ambazo gari lako la zamani ndizo linazozijua. La pili ni la kiufundi zaidi na limewatapeli watu wengi: kwenye magari ya zamani mawasiliano ni ya polepole. Ukifungua saa za vipimo kumi kwenye skrini moja, joto, mwendo, mizunguko, mafuta na sensa, kila moja inasubiri zamu yake. Sensa inapiga mara moja kwa sekunde, simu inaitazama kila baada ya sekunde mbili, unachoona ni mstari mlegevu. Mtu anasema sensa imechoka. Iliyochoka ni foleni. Zima saa zote, bakisha ya sensa peke yake, halafu ndipo utoe hukumu.

Maltimita: ninayoibeba kwenye buti

Maltimita ya kidijitali ya kawaida ni rahisi kuliko nusu tanki la petroli, haijali gari limetoka nchi gani, na inapima sensa yenyewe badala ya kusikiliza maneno ya kontroli boksi. Kwa gari la kabla ya 2000 sioni cha kushindana nayo.

Ninaanza na hita kwa sababu ndiyo hufa zaidi na ndiyo rahisi. Gari likiwa baridi, chomoa soketi ya sensa, weka mita kwenye omu, gusa zile nyeusi mbili upande wa sensa. Kwenye Denso nyingi za kawaida unategemea kitu kati ya omu 11 na 16. Ukikuta mita haisomi kitu, hita imekatika, habari imekwisha, nunua sensa. Ukikuta namba nzuri, usifurahi bado. Fungua swichi au washa injini, pima upande wa pili wa soketi, unaotoka kwenye gari: je, volti 12 za hita zinafika? Zisipofika, kagua fyuzi na waya. Nimeona gari lililobadilishiwa sensa mbili na kumbe fyuzi ndiyo ilikuwa imekatika.

Kisha ishara. Rudisha soketi, injini iwe ya moto kweli, mita kwenye volti za DC. Chomeka pini nyembamba kwa nyuma ya soketi hadi iguse kiunganishi cha waya wa bluu, hasi ya mita kwenye ethi ya betri. Usitoboe ganda la waya. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kujilinganishia kupitia humohumo kwenye waya, na ukitoboa maji ya mvua yatapata njia. Kwa sababu hiyohiyo usijaze grisi kwenye soketi. Na kamwe usiweke mita kwenye omu juu ya waya wa ishara.

Namba zikicheza kati ya 0.1 na 0.9, sensa inafanya kazi. Zikiganda, usiseme neno bado. Ilazimishe sensa ijibu. Chomoa mpira mdogo wa upepo unaotoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa: hewa inazidi, volti zishuke chini ya 0.2. Rudisha mpira, kisha pulizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa: mafuta yanazidi, volti ziruke juu ya 0.8. Pulizia kidogo kweli, mbali na ekzosi ya moto, na mtungi wa kuzimia moto usiwe nyumbani kwa jirani. Sensa nzima inajibu papo hapo, kabla hujaondoa mkono. Inayopanda kwa kujivuta kama mzee anayepanda ngazi imechoka hata kama haijatoa kodi. Isiyojibu kabisa, huku hita yake ni nzima na waya ni mzima, hiyo ndiyo ya kubadilisha, nawe utaibadilisha bila wasiwasi.

Jaribio hilo la mpira na dawa ndilo linalotenganisha sensa mbovu na sensa inayosema kweli, na hakuna kodi inayokufanyia. Kasoro ya maltimita ni kwamba mita ya kidijitali huchelewa kidogo, kwa hiyo ugonjwa wa kuchelewa ukiwa mdogo utakuponyoka. Ya pili ni kubwa zaidi.

Pale maltimita inapogoma: sensa za A/F

Kuanzia miaka ya mwisho ya 90 Toyota walianza kuweka sensa ya mbele ya aina nyingine, ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, tuite A/F. Inafanana na oksijeni sensa, ina waya nne, inakaa palepale. Lakini haichezi kati ya 0.1 na 0.9. Inafanya kazi kwa mkondo mdogo wa umeme, na kontroli boksi hutafsiri: mambo yakiwa sawa, mashine ya Toyota huonyesha karibu volti 3.3. Vidude vingine vya OBD2 huigawa kwa 5 na kuonyesha 0.66, na inatembea kinyume: ikipanda maana yake hewa imezidi. Mtu aliyezoea sensa ya kawaida akiona hivyo anasoma gari juu chini.

Utaijuaje? Soma namba ya spea kwenye sensa au kwenye soketi. Za Toyota zinazoanza na 89465 ni oksijeni sensa za kawaida, zinazoanza na 89467 ni A/F. Hita nayo inakuambia: ya A/F ni omu chache, karibu 2 hadi 3 ikiwa baridi. Fundi asiyejua hilo akiipima atasema hita imepiga shoti. Na ukienda dukani ukapewa ya kundi moja badala ya lingine, inaweza hata kukaa kwenye tundu, lakini gari halitakwenda vizuri hata siku moja.

Kwa sensa ya A/F, maltimita inakutosha kupima hita tu. Yaliyobaki mpelekee mwenye mashine.

Mashine ya gereji: mlipie fundi anayesoma mstari

Mashine kama za Launch, au kompyuta yenye Techstream ya Toyota, zinaongea na yale magari ya Japani yanayokikataa kidude cha Bluetooth. Huo peke yake ni ushindi. Lakini tofauti ya fundi na fundi iko kwenye ukurasa anaoufungua. Wa kwanza anafungua ukurasa wa kodi, anasoma kwa sauti, anafuta, anataja bei. Wa pili anafungua data zinazotembea, anakuambia ukanyage mafuta kidogo, anatazama.

Mwombe akuonyeshe marekebisho ya mafuta, yale ya muda mfupi na ya muda mrefu, kwa asilimia. Yakiwa karibu na sifuri, au chini ya kumi huku na huku, kontroli boksi haina kesi kubwa. Yakiwa juu sana upande wa kuongeza gari likiwa sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta, halafu yakarudi kawaida ukipiga resi hadi 2,500, kuna mahali injini inavuta hewa ya wizi: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi. Yakiwa mazuri sailensa halafu yanazidi kupanda unapokanyaga, fikiria pampu ya mafuta au filta iliyoziba. Katika hali hizo zote mbili sensa inaweza kuwa imetoa P0171 au kodi 25, na katika zote mbili ni nzima kama siku iliyotoka kiwandani.

Hilo swali la data ndilo mtihani wangu kwa fundi mgeni. Akisema "data za nini bosi, kodi si hii hapa", nalipia aliyoyafanya na kuondoka kwa heshima.

| Kifaa | Kinakufaa kama | Kitakuangusha kama |
|---|---|---|
| Kipande cha waya na mita ya mshale | Toyota ya miaka ya 90 yenye kiboksi cha DIAGNOSIS | Unataka kujua volti, au gari ni la OBD2 |
| Kidude cha Bluetooth | Gari linaongea OBD2 na unataka kujichunguzia | Ni mtumba wa Japani wa zamani, au umefungua saa nyingi |
| Maltimita | Sensa ya kawaida, waya na hita vya kukagua | Sensa ni A/F |
| Mashine ya gereji | Sensa ni A/F, au ugonjwa unakuja na kuondoka | Fundi anaishia kwenye kodi |
| Kufunga sensa nyingine | Umeshapima yote | Hujapima chochote |

Osiloskopu sijaiweka humo. Ndiyo inayoonyesha mstari wa sensa kwa usahihi kuliko vyote, na fundi umeme aliye nayo anastahili pesa yake, lakini kununua yako kwa ajili ya Corolla moja ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya mtu mmoja.

Sensa inaposema kweli ikaitwa mwongo

Ekzosi ikiwa na tundu kabla ya sensa, hata dogo kwenye gasketi ya manifoldi, hewa ya nje inanyonywa ndani kati ya pigo na pigo. Sensa inaona oksijeni, inaripoti hewa imezidi, kontroli boksi inaongeza mafuta, gari linakula. Sikiliza mlio wa tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, tafuta masizi kwenye maungio.

Injini ikimisi ni hivyohivyo, na hapa watu hushangaa. Silinda isiyowaka inatupa nje petroli mbichi, pua yako inasema mafuta yamezidi. Sensa inasema hewa imezidi. Sensa haipimi petroli, inapima oksijeni, na silinda isiyowaka imetoa pia oksijeni yake yote bila kuitumia. Kagua plagi na koili kwanza.

Ya nyuma, ile iliyo baada ya masega ya kusafishia moshi, haitakiwi kucheza. Ikitulia kwenye 0.6 au 0.7 maana yake masega yanafanya kazi yake. Nimemsikia fundi akiihukumu sensa ya nyuma "imekufa, haitembei", akaibadilisha, na mpya ikatulia vilevile. Kama masega yameshatolewa kuuzwa, ndipo ya nyuma itacheza kama ya mbele na kodi P0420 itawaka. Sensa mpya haitaizima hiyo.

Halafu kuna thamostati, ile vali inayozuia maji ya kupozea hadi injini ipate joto. Sijui tulianza lini kuamini kwamba injini ya nchi ya joto haihitaji thamostati, lakini zimeng'olewa kwenye magari mengi "ili lisichemke". Injini isiyofikia joto lake humwagiwa mafuta ya asubuhi mchana kutwa, na lawama inaangukia sensa.

Ukishajua ni sensa: ipi?

Mpya ya Denso au ya kampuni iliyoitengenezea gari lako, yenye soketi yake kamili, ndiyo ninayoichagua kama gari nitakaa nalo. Ya kukata waya na kuunganisha mwenyewe inakubalika ukijua rangi, na uunge kwa viunganishi vya kubana vinavyokuja nayo, si kwa solda na utepe. Ya mtumba ni bahati nasibu, lakini ni bahati nasibu unayoweza kuichungulia: nenda na maltimita dukani, pima omu za hita kwenye kaunta. Muuzaji atakutazama vibaya kidogo, vumilia. Angalia na ncha yake. Masizi meusi makavu si kifo, yanaungua. Vumbi jeupe linalong'ang'ania ni la silikoni, mara nyingi kutoka kwenye gasketi ya tyubu isiyo ya injini zenye sensa, na hiyo haifufuki. Zamani adui mkubwa alikuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli, lakini hiyo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwa nakala za bei chee zenye boksi zuri na jina lililokosewa herufi moja, sina la kusema zaidi ya kwamba nimefunga moja na ilidumu hadi mvua za masika.

Kuifungua, nyingi zina nati ya spana 22, na Toyota nyingi za zamani zimefungwa kwa nati mbili za spana 12. Fungua ekzosi ikiwa na uvuguvugu.

Ya pili, ile niliyokaribia kuibadilisha bure, ilikuwa mwaka uliofuata. Safari hii taa haikuwaka kabisa. Kipande cha waya kikakonyeza mfululizo, hakuna kodi. Ila mafuta yalikuwa yanaliwa na plagi zimekuwa nyeusi kama mkaa. Fundi mwingine akasema sensa imechoka, nikanunua mpya kabla sijatoa maltimita kwenye buti. Jioni nikapima: ishara imeganda kwenye 0.85. Nikachomoa mpira wa upepo, ikadondoka hadi 0.1 palepale. Nikaurudisha, ikarudi 0.85. Ilikuwa hai, na ilikuwa inasema kweli, mafuta yamezidi. Nikaenda kwenye sensa ya joto la maji, ile ndogo yenye waya mbili. Injini ya moto inatakiwa isome kati ya omu 200 na 400. Ilisoma zaidi ya 2,000, namba ya injini iliyolala usiku kucha. Kontroli boksi ilikuwa inaamini ni alfajiri siku nzima.

Nikabadilisha hiyo ndogo. Ile kubwa ipo bado kwenye boksi lake juu ya kabati la nguo, 89465, waya nne, na mke wangu ameshauliza mara mbili ni ya nini.